Dari ya Gari la Baba

Juzi mjukuu wangu aliketi barazani akibandika tyubu ya baiskeli yake, nami nikamwambia achukue kopo lake la solusheni aende nyuma ya nyumba. Alishangaa, maana mimi si mtu wa kukataza watoto kufanya kazi mbele yangu. Sikumweleza. Harufu ile ya mpira na petroli hunirudishia kichwa cha baba yangu kikiwa kimegandana na kitambaa, na ninyi wa rika langu, mnaojua jinsi tulivyofunzwa kuwaogopa baba zetu, mtaelewa kwa nini sikutaka kumcheka mbele ya mtoto. Baba alikufa zamani. Mama ndiye tuliyemzika majuzi, na tangu tumzike, wageni wanaokuja kutupa pole hukaa kwenye viti vyetu na kumsifu Baba. Ati ndiye mtu wa kwanza upande wetu wa Bokoli kuwa na gari. Ati alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Nimechoka kuitikia.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la Mzungu mmoja, nje kidogo ya Kitale. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mizani na kuandika uzito wa magunia ya mahindi yaliyobebwa na wanaume wengine. Kwa kazi hiyo alivaa tai. Alikaa huko wiki tatu, ya nne akaja nyumbani Bokoli, ambako Mama alilima, alikamua ng'ombe na kushona nguo za watoto wa shule ya misheni kwa cherehani ya mkono. Alipokuja alimwita Mama Wafula, ingawa Wafula alikuwa mdogo wangu na mimi ndiye kifungua mimba. Msichana hakutosha kumpa mtu jina. Wakati ule sikuona ubaya wowote. Nilimwabudu Baba, na Mama nilimwona kama mtu aliyewekwa pale ili nyumba isikose moshi.

Mzungu alipopata gari jipya, alimuuzia Baba la zamani. Lilikuwa jeusi, refu, na lilifika kwetu na matope hadi kwenye vioo. Watu walitoka mashambani wakiwa na majembe mkononi kulitazama. Kwa nje lilipendeza. Kwa ndani, kile kitambaa kinachofunika paa kilikuwa kimeachia katikati, kikaning'inia kama tumbo la ng'ombe anayekaribia kuzaa. Kilinuka mbwa, kwa sababu Mzungu alikuwa akibeba mbwa wake wa kuwinda nyuma. Mimi niliamini kwamba Wazungu huhifadhi matandiko yao mle juu na kwamba huyu alikuwa amesahau ya kwake, na kwa siku mbili nilingoja aje kuyachukua.

Baba alikuwa na kofia ya kahawia ambayo hakuivua hata akila. Ndani ya gari kofia iligonga lile tumbo. Mtu mwingine angevua kofia. Baba aliinamisha kichwa, akaendesha hadi stesheni ya Bungoma na kurudi akiwa amekunja shingo, akiwatazama watu kwa chini kama kuku anayetafuta punje. Jirani yetu Mzee Khaemba alizunguka gari, akachungulia, akasema polepole, "Karani, kari yako imeshika mimba."

Watu walicheka siku hiyo na kesho yake. Kwa Baba, kuchekwa kulikuwa kubaya kuliko njaa. Aliomba likizo ya wiki mbili, akarudi na robota la kitambaa cha kijivu, makopo mawili ya solusheni ya kubandika tyubu na pakiti ya misumari midogo ya fundi viatu. Alitangaza mbele ya wale wale waliocheka kwamba atabadilisha dari yeye mwenyewe, hapo hapo nyumbani, kwa siku moja.

Alianza kwa kung'oa. Alishika kitambaa cha zamani kwa mikono miwili na kukivuta kama mtu anayechuna mbuzi kwa hasira. Vumbi lilishuka, na viota vya panya, na manyoya ya mbwa. Chini ya kitambaa kulikuwa na nyaya tano nene zilizopindwa kama pinde, kila moja imepita ndani ya mkunjo ulioshonwa kwenye kitambaa, na hizo ndizo zilizokuwa zikikishikilia juu. Baba alizichomoa zote na kuzitupa kwenye nyasi. Kisha akakokota kitambaa hadi kwenye moto wa takataka.

Mama alikuwa akipita na maji. Aliitua ndoo, akakivuta kitambaa motoni na kukikanyaga.

"Baba Wafula, hiki ndicho kipimo," alisema. "Bila hiki utajuaje mahali pa kukata?"

"Wewe unajua magari?"

"Sijui magari. Najua nguo. Na zile nyaya, hukuziwekea alama. Hazitoshani."

Baba alicheka, akawatazama wanaume waliokuwa wamesimama njiani ili nao wacheke. Wakacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimeegemea gari kama mwenye mali. Mama alikunja kile kitambaa kilichoungua upande mmoja, akaenda nacho jikoni.

Baba hakutumia nyaya. Aliona ni mambo ya kupoteza wakati. Alipaka solusheni kwenye chuma cha paa na kwenye kitambaa kipya, akabandika kwa viganja huku akipuliza kwa mdomo, na kufikia saa sita mchana dari ilikuwa imeshika. Ilikuwa na makunyanzi kama uso wa mzee, lakini ilikuwa juu. Alikaa kwenye usukani ili watu wamwone. Alikuwa amevua kofia kwa sababu ya jasho, na hilo ndilo lililomponza. Jua la saa saba lilipiga lile paa jeusi, solusheni ikalainika, na kitambaa chote kikashuka taratibu, bila sauti, kikamfunika kichwa na mabega. Alipojaribu kukivua kiling'ang'ania nywele. Kadiri alivyovuta ndivyo kilivyoshika masikio. Alitoka garini akipapasa hewa, kitambaa kikimfuata kama pazia, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipoingia ndani ya nyumba.

Mama alimnyoa kwa wembe. Nilishika beseni. Alisuuza wembe na kuendelea, nami nikauchukulia utulivu wake kuwa ni ujinga, kwamba hakuelewa aibu iliyotupata. Baba alijilaza, akasema kichwa kinamuuma, na alikaa ndani siku nne akiwa amejifunga taulo kama kilemba.

Katika siku hizo nne Mama alitengeneza dari. Kwanza alifumua mishono ya kitambaa cha zamani, akatandaza vipande vyake juu ya mkeka na kuviwekea mawe. Kile kilichoungua alikikadiria kwa kukunja mwenzake wa upande wa pili. Kitambaa cha kijivu kilikuwa kimeharibika kwa solusheni, basi akafungua sanduku lake akatoa kitambaa kizito cha rangi ya chai ya maziwa ambacho alikuwa amekitunza apate gauni la kanisani. Alikinusa kidogo, akakitandaza, akakikata.

Alipima kila waya kwa shubiri na kuufunga uzi wenye mafundo: fundo moja wa mbele, mawili unaofuata, hadi matano. Alishona mikunjo mitano, akapenyeza nyaya, akaingia garini na kulala chali juu ya viti. Alianza katikati, akivuta mbele kidogo, nyuma kidogo, kulia kidogo, kushoto kidogo, hakukaza upande mmoja kabla ya mwingine. Misumari aliiweka mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Palipobaki mkunjo alipaka maji kwa kitambaa, akangoja jua likaushe, na mkunjo ukatoweka. Nilimpa nyundo alipoihitaji.

Lakini mimi niliona miguu yake tu. Ilitoka nje ya mlango wa gari, mitupu, yenye nyufa na udongo, na njia yetu ndiyo waliyopita watu wa soko. Niliivuta leso yake ili imfunike, nikaomba amalize haraka. Hayo ndiyo niliyoyaona katika kazi bora kuliko zote nilizopata kuziona maishani.

Wiki iliyofuata Baba alinichukua kwenda Kitale, nikakaa mbele, na nywele zake zilikuwa zimeanza kuchipua chini ya kofia. Tulisimama karibu na duka la Mhindi aliyeitwa Lalji, aliyekuwa akishona viti na dari za magari ya Wazungu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja kutazama gari kama watu wote, lakini badala ya kutazama matairi aliingiza kichwa ndani na kupitisha kidole kwenye mshono, polepole, kutoka mbele hadi nyuma.

"Nani nashona hii?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe," alisema Baba.

Lalji aliitazama mikono ya Baba iliyoshika usukani. Kisha akanigeukia. "Wewe toto, sema. Nani nashona?"

"Baba," nikasema.

Hakuna aliyenitisha. Baba hata hakunikonyeza. Nataka mnielewe, maana nimejieleza mwenyewe jambo hili mara nyingi: sikujua kwamba ninasema uongo. Shambani kwa Mzungu watu wote walisema Bwana amelima ekari kadha wa kadha, Bwana amejenga ghala, na mimi nilikuwa nimewaona kwa macho yangu walioshika jembe na waliopandisha mabati. Nilidhani ndivyo maneno yalivyo, kwamba kitu kimefanywa na mwenye nacho. Gari lilikuwa la Baba. Dari ilikuwa ya Baba. Mama alikuwa na nini?

Kuanzia hapo Lalji akawa anampa Baba kazi za kushona. Baba alizileta nyumbani kwenye buti la gari: vitambaa vilivyokwisha pimwa, vya kijivu na vya rangi ya maziwa, vimefungwa kwa kamba. Mama alishona. Baba alivirudisha Kitale, akasifiwa, akaongeza tai ya pili. Kanisani alianza kuzungumza juu ya "kazi zangu" na "mishono yangu," na wazee waliokuwa wakimcheka wakamwita Fundi. Alilipenda jina hilo kuliko la Karani. Aliketi kwenye kiti cha kukunja chini ya upenu huku cherehani ikilia ndani, akiwaambia wageni kwamba siri ya dari ni uvumilivu.

Siku moja Mama aliniuliza, bila kuinua macho kwenye kazi, "Siku ile mlipokwenda Kitale, Mhindi alikuuliza nini?"

Nikamweleza kwa fahari, kila neno, pamoja na jibu langu. Alizungusha mkono wa cherehani hadi mwisho wa mshono. "Sawa," akasema. Nikatoka kucheza.

Mvua zilipita, mahindi yakakomaa, na asubuhi moja Lalji alikuja mwenyewe kwa gari lake la mizigo. Mteja wake mkubwa alikuwa akingoja Kitale na alitaka kusafiri siku hiyo hiyo. Lalji alileta kitambaa, nyaya, kila kitu. Akakaa kwenye kiti cha kukunja cha Baba.

"Fundi, shona sasa," alisema. "Mimi nangoja hapa."

Baba alijikohoza. Alisema mashine ina shida kidogo. Alisema jicho linamuuma. Lalji akasema atangoja jicho lipone. Mwishowe Baba akaita, "Mama Wafula! Hebu kuja hapa."

Mama alitoka na cherehani kifuani. Nilifikiri ataketi ashone, na Baba naye bila shaka alifikiri hivyo, kwa sababu alikuwa ameanza kueleza kwamba leo anamfundisha mkewe. Mama aliiweka cherehani juu ya meza mbele ya Baba. Akaweka kitambaa pembeni. Akaleta kigoda, akakipangusa kwa leso.

"Karibu, Fundi," alimwambia. Kisha akaenda kumtengenezea mgeni chai.

Baba aliketi. Alivua kofia, akaivaa tena. Alichukua uzi, akaulamba, akalitafuta tundu la sindano, akalikosa. Aliulamba tena. Mimi nilisimama karibu yake kabisa, nikaona uzi ukilipita tundu tena, na nikaanza kuelewa. Uzi ulipopenya hatimaye, alizungusha mkono wa cherehani kinyume. Kitambaa kikajikunja, sindano ikavunjika kwa mlio mdogo.

"Mashine ya zamani hii," alisema. "Si unaona mwenyewe."

Lalji alikunywa chai yake hadi ikaisha. Hakumtazama Baba tena. Alirudisha kikombe mkononi mwa Mama kwa mikono miwili, jambo ambalo sikuwahi kumwona mgeni yeyote akimfanyia.

"Mama, weye nakuja dukani Kitale?"

"Nitakuja Jumatatu," alisema Mama.

"Mke wangu haendi kufanya kazi kwa Mhindi," alisema Baba.

"Amekuwa akifanya tangu mvua ya kwanza, Baba Wafula. Sasa ataifanyia huko huko." Aliingia ndani akatoka na sindano nyingine, akashona ile dari mbele yetu sote, haraka, kama mtu anayekata mboga. Baba alisimama nyuma yake akitoa maelekezo. Naapa kwamba alitoa maelekezo.

Jumatatu Mama alijitwika cherehani iliyofungwa ndani ya blanketi, akamshika Wafula mkono. Alisimama mlangoni akanitazama.

"Unakuja?"

Nimewahi kuwasikia watu wakieleza makosa yao ya utotoni kwa huruma, kama vile mtoto aliyeyafanya alikuwa jirani tu. Mimi simhurumii msichana yule. Alikuwa amekwisha ona uzi ukimshinda baba yake. Alijua. Lakini gari lilikuwa uani, na shuleni alikuwa akiitwa mtoto wa mwenye gari, na mama wa kuajiriwa na Mhindi, wa kulala chali na miguu nje mbele ya watu wa mji, ilikuwa aibu ambayo hakuitaka. Nikasema, "Nitabaki na Baba."

Mama aliitikia kwa kichwa, akaenda. Sikumsindikiza hata hadi njiani.

Baba aliachishwa kazi miezi michache baadaye, kwa kuandika uzito wa magunia ambayo hayakupita kwenye mizani. Alisema Mzungu alimwonea wivu kwa sababu ya gari. Gari lenyewe lilikuwa limeanza kuzeeka vibaya. Aliuza tairi moja, kisha la pili, na mwishowe likakaa juu ya mawe, kuku wakataga kwenye viti. Nilijifunza kupika kwa sababu yeye hakujua, na nilipounguza chakula alikisukuma kando, akaniambia nimerithi uzembe wa upande wa mamangu. Wageni walipokuja aliwafungulia mlango wa gari, akawaonyesha dari. Ilikuwa bado imekaza kama ngoma. "Kazi yangu hiyo," alisema. Na mimi nikiwa nimesimama pale pale na sufuria mkononi, sikusema kitu, safari hii nikijua.

Hatimaye alinituma Kitale. Nilipaswa kumwambia Mama kwamba amesamehewa na anaweza kurudi.

Nilishuka kwenye basi, nikauliza duka. Mama alikuwa mlangoni, akimpimia mteja kitambaa kutoka begani hadi kidoleni, mwanamke wa Kizungu aliyevaa buti za shamba. Mama alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa amevaa viatu. Wafula alikuwa sakafuni akipanga misumari kwa ukubwa, na hakunitambua mara moja. Yule mwanamke aliniona nimesimama nikiwa na vumbi la safari, akauliza kwa Kiswahili chake, "Huyu nani?"

Mama alinitazama kutoka miguuni hadi usoni, bila hasira, kama anayesoma kipimo.

"Ni mtoto wa karani mmoja wa Bokoli," alisema, akaendelea kupima.

Niliketi kwenye benchi la wateja. Alinipa chai na mkate wakati wa mapumziko, akaniuliza kama mvua imenyesha nyumbani. Nilikuwa nimeukariri ujumbe wa Baba njia nzima, na nilipofungua mdomo, ulinitoka wote kama ulivyo: amekusamehe, unaweza kurudi. Lalji aliyekuwa akikata kitambaa mezani aliinamisha kichwa akajifanya hasikii. Mama alitafuna mkate wake akameza.

"Na wewe?" aliuliza. "Wewe umekuja kusema nini?"

Nikasema sitaki kurudi Bokoli. Nikasema nilijua ni yeye aliyeshona, nilijua tangu siku ya sindano, na nilinyamaza. Nilikuwa nalia, na ninaamini kilio changu kilimuudhi, maana alinipa kitambaa chakavu nijipanguse na hakunigusa.

"Kesho utaanza shule hapa," alisema. "Leo fagia chini ya meza."

Nikafagia. Aliniwekea godoro kando ya la Wafula, akanishonea nguo ya shule, akanilisha, akanilea mpaka nikaolewa kwa heshima, na sikupata kumsikia akinisimanga. Lakini zilipita siku nyingi, zaidi ya mwezi, kabla hajaniita tena kwa jina langu. Aliponiita, nilikuwa nje nikianika vitambaa, na nilichelewa kuitika kwa sababu sikuwa na hakika kwamba ni mimi ninayeitwa.